Gunia Lenye Mistari Minne

Balbir alichomwa Jumatano mchana, na katika watu wote waliohudhuria mimi ndiye niliyesimama karibu zaidi na moto. Kuni ziliposhika vizuri, waombolezaji walianza kurudi nyuma kidogo kidogo, wakifunika nyuso kwa leso na mitandio, lakini mimi sikusogea. Moto ndio kazi yangu. Nimetengeneza ekzosti, mabomba ya kutolea moshi, za magari ya mashindano kwa muda mrefu kuliko fundi yeyote kati ya Naivasha na Eldoret, na hayo si majisifu, muulize dereva yeyote. Nina diploma. Nina gereji yangu mwenyewe upande wa barabara ya Njoro, na ndani yake kuna mashine ya kukunja mabomba ambayo watu wa Nairobi huja kuomba kuitumia. Hakuna aliyenishika mkono kufika hapo. Hata hivyo siku hiyo, joto likinipiga kifuani na harufu ya samli ikipanda pamoja na moshi, nilijiona kama mtu asiyejua lolote kuhusu moto. Majirani zangu wa Bahati, niliowaleta ili Balbir asindikizwe na watu wengi, walikuwa wamebana kando ya ukuta. Hawakuwa wamewahi kuona mazishi yasiyo na shimo. Nilimsikia mama mmoja akimnong'onezea mwenzake, "Sasa mtu akitaka kumtembelea, ataenda wapi?" Mwenzake akamjibu, "Nyamaza, Mama Njeri. Tuko kwa wenyewe." Mimi niliona hilo swali lilikuwa na maana kuliko hotuba zote za asubuhi ile.

Nje ya lango, ndani ya buti ya gari langu, kulikuwa na gunia. Ni gunia la katani la kawaida, la aina iliyokuwa ikibeba mahindi zamani, ila hili lina mistari minne myeusi iliyoungua, imelala sambamba kama alama za vidole vya mtu mkubwa. Nimelihifadhi tangu ujana wangu. Nimehama nyumba mara nyingi na kupoteza vitu vya thamani, pamoja na saa niliyonunua nchi za Ghuba, lakini gunia hilo sijalipoteza. Ni ushahidi wangu. Nilikuwa nimeamua kwamba moto ukishatulia nitalitoa na kulikunjua mbele ya familia ya Balbir, niwaambie jambo ambalo sikuwahi kumwambia yeye mwenyewe, ili jina langu lisafike nami ningali hai.

Yote yalianza mwaka niliorudi kutoka Ghuba. Nilienda kule nikiwa muosha magari, nikarudi na diploma ya ufundi wa injini niliyoisomea jioni, baada ya kazi, huku miguu imevimba kwa kusimama. Nilikuja na masanduku mawili. Moja lilikuwa la nguo. La pili lilikuwa na vyombo vyangu vya kazi na mizunguko ya kitambaa cha kuzuia joto, kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, cha rangi ya mchanga, ambacho wakati huo ungeweza kuzunguka Nakuru nzima bila kumpata fundi anayekijua. Vijana tuliosoma pamoja waliniona nikitembea mjini na koti la ngozi katika jua la saa saba, wakaanza kuniita Diploma. Walidhani wananitania. Leo jina hilo limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa gereji yangu.

Nilipata kazi katika yadi ya baba yake Balbir, huko karibu na reli. Yadi yenyewe ilikuwa ua mrefu wa mabati, na mwishoni mwake, bila hata ukuta wa kuitenganisha, kulikuwa na nyumba yao. Ukitoka chini ya gari ulikuwa unaingia moja kwa moja katika jiko la Biji, mama yake Balbir. Ninalikumbuka jiko lile kuliko ninavyokumbuka chumba nilichokuwa nalala. Lilikuwa na dirisha moja lililojaa mitungi ya achari ya maembe, meza ya mbao iliyopauka kwa kusuguliwa, na redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Saa saba tulikaa hapo sote, mikono ikinuka petroli hata baada ya sabuni, tukala dengu na chapati moto ambazo Biji alizitupa sahanini bila kuuliza kama umeshiba. "Kula, Diploma," alikuwa akisema. "Huko ulikoenda walikupa vyeti tu, chakula hawakukupa." Balbir alikuwa wa umri wangu, mrefu, mwenye kicheko cha kukohoa, na aliendesha gari kama mtu anayesimulia hadithi anayoijua mwisho wake. Baba yake tulimwita Mzee. Alizungumza Kiswahili haraka haraka, bila kupumua, na alikuwa na mazoea ya kugonga boneti ya gari mara mbili kabla ya kutoa uamuzi wowote.

Gari lao la mashindano lilikuwa dogo, jeupe, lenye nguvu na hasira, na lilikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna aliyeuweza. Injini ile ilitoa moto wake kupitia mabomba manne yaliyokutana kuwa moja, yale ambayo sisi mafundi tunayaita heda. Heda ikishika moto sawasawa hugeuka nyekundu, na joto lake hujaa chini ya boneti lisipate pa kwenda. Rangi ya boneti ilikuwa imefanya malengelenge. Ubaya zaidi, njia ya petroli ilipita jirani, na petroli ilichemka ndani yake kabla haijafika kwenye injini. Gari likikimbia, upepo ulilisaidia. Likisimama kwenye kituo cha ukaguzi juani, lilikufa, na huwezi kuliwasha mpaka lipoe, na mashindano hayamngojei mtu apoe. Hali ya kwetu huzidisha mambo, kwa sababu juu huku hewa ni nyepesi na haichukui joto kama hewa ya pwani. Nilimweleza Mzee hayo yote siku ya kwanza, nimesimama na koti langu. Alinisikiliza, akagonga boneti mara mbili, akasema, "Maneno mimi nimesikia. Sasa fanya."

Nilifanya. Nilitengeneza heda mpya kwa mikono yangu, kwa mabomba ya chuma cha kawaida, kwa sababu chuma cha pua hakikupatikana. Hatukuwa na mashine ya kukunja. Tulijaza bomba mchanga mkavu, tukaziba ncha zote mbili kwa vigingi, tukalipasha moto mpaka likawa laini, tukalikunja polepole ili mchanga ulizuie lisibonyee. Balbir alishika upande mmoja na mimi mwingine, jasho likituingia machoni, na kila tulipomaliza kona moja alisema, "Tumezaa." Kisha ikaja kazi ya kitambaa. Kitambaa kile hukivishi kikavu. Kikiwa kikavu ni kigumu na nyuzi zake zinakuchoma ngozi kama upupu. Unakiloweka kwanza, kinalainika, halafu unakizungusha juu ya bomba lililo baridi ukikivuta kwa nguvu, na kikikauka kinakaza. Balbir alileta beseni, nikaloweka. Tulikuwa tumefika bomba la tatu Biji alipotoka jikoni na kusimama juu yetu, mikono kiunoni.

"Hiyo beseni ya nani?"

"Ya gereji, Biji," Balbir alisema bila kuinua uso.

"Ya gereji! Asubuhi nimekanda unga hapo! Nyinyi mnataka tule kioo?"

"Diploma amesema ni safi."

"Mimi sijasema kitu," nilisema.

Alituchapa sote wawili kwa taulo la jikoni, tukicheka, na beseni halikurudi tena jikoni. Ninaieleza siku hiyo kwa sababu ndiyo iliyozaa mengine. Balbir aliona kwa macho yake kitambaa kikinywa maji na kufurahi. Nilimwambia, na ninakumbuka nilikuwa nafunga waya kwenye bomba la nne nilipomwambia, "Maji ni sasa tu, likiwa baridi. Likishashika moto usilionyeshe maji. Ndani ya hiki kitambaa bomba linakuwa na moto kuliko zamani, kwa sababu joto halina pa kutokea. Ukilimwagia, chuma kitashtuka kipasuke." Aliitikia. Alisema, "Sawa, daktari," akaushika mkono wangu kunipima mapigo. Mzee alipopita na kuona heda yangu imezungushiwa kitambaa kutoka juu hadi chini, alisimama. "Wewe Diploma," akasema, "hiyo imevunjika mguu?"

Tulienda kulijaribu gari Mai Mahiu, kwa sababu hakuna mahali pabaya zaidi kwa gari lenye joto kuliko ile njia ya kupanda ukingo wa bonde nyuma ya malori. Unatambaa, hupati upepo, na jua linakupiga ubavuni. Kabla ya kitambaa, gari lilikuwa limetufia hapo mara nyingi. Siku ile tulipanda nyuma ya lori la saruji, tukasimama liliposimama, tukaondoka lilipoondoka, na injini ikapumua kama mtu aliyelala. Tulipofika juu, nilifungua boneti na kuweka kiganja changu juu ya njia ya petroli. Ilikuwa vuguvugu tu. Balbir naye akaweka kiganja chake juu ya changu. Tuliporudi chini tulikula nyama na ugali katika kibanda cha mabati, na madereva wa malori walitoka mmoja mmoja kuja kuchungulia chini ya boneti. Mmoja, mzee aliyekuwa anatafuna mfupa, alisema, "Boss, hii injini yenu mmeivalisha soksi." Mwenzake akamjibu, "Wacha wee. Hiyo ni gari ya muhindi, inasikia baridi." Balbir ndiye aliyecheka kuliko wote. Mimi nilisimama pale nikiwaeleza madereva kumi na zaidi jinsi joto linavyotembea, wakanisikiliza huku wakitafuna, na sijawahi tena kuwa na darasa zuri kama lile.

Jioni ya siku hiyo, nilipokuwa nanawa mikono nyuma ya jiko, nilimsikia Mzee akizungumza kwa simu. Alizungumza Kiswahili, kwa hiyo aliyekuwa upande wa pili hakuwa ndugu yake. "Ndiyo, yadi yote," alisema. "Na nyumba. Vijana wa ndugu yangu Uingereza wananingoja mimi. Lakini wewe ngoja kwanza, mimi nimepatana na kijana wangu." Nilifunga bomba la maji. Balbir aliponiona usoni alijua nimesikia, akanivuta nje, tukakaa juu ya tairi kuukuu. Mapatano yalikuwa hivi: mashindano ya mwaka ule yalipitia kwetu, nyuma ya Gilgil na kando ya Elementaita. Gari likimaliza, Mzee angewaacha Balbir na mimi tuendeshe yadi, yeye na Biji waende Uingereza kuzeeka. Lisipomaliza, angeuza kila kitu na Balbir angeenda nao. "Amechoka kuona gari linakufa," Balbir alisema. "Anasema kama hatuwezi kupoza gari moja hatuwezi kushika yadi." Nilimuuliza kama yeye anataka kwenda. Alitazama ule ua, mabati, taa ya jikoni, mbwa wao aliyelala chini ya winchi. "Huko nitakuwa nani?" akasema. "Hapa hata polisi wananiita kwa jina."

Sasa lazima niseme habari ya maziwa. Kabla ya kushika gari la mashindano, Balbir aliendesha pikapu ya maziwa, akikusanya kwa wakulima wa pande za Gilgil na kuleta mjini. Wakulima wa huko wana njia yao: mtungi wa maziwa unavishwa gunia lililoloa, na upepo wa njiani ukipita juu ya gunia, maziwa yanafika baridi. Inafanya kazi, hata mimi mwenye diploma siipingi. Balbir aliichukua njia hiyo akaitumia kwa kila kitu. Alivisha gunia kreti za soda. Alilitupa juu ya rejeta. Siku za joto alijifunga kipande shingoni. Nyuma ya kiti chake katika gari la mashindano palikuwa na gunia lililokunjwa vizuri, wala sikuwahi kulitilia shaka, kwa sababu nilijua nimemwonya kuhusu maji. Sikujua kwamba kwa Balbir gunia lililoloa halikuwa maji. Lilikuwa kivuli.

Siku ya mashindano vumbi la Elementaita lilikuwa jeupe kama unga, likikaa juu ya leleshwa mpaka vichaka vikaonekana vya theluji. Mimi nilikuwa kituo cha huduma pamoja na Mzee, ambaye hakukaa chini kutwa nzima. Gari lilikuja na kuondoka, na kila lilipokuja niliweka kiganja juu ya njia ya petroli, na kila mara ilikuwa vuguvugu. Magari makubwa, ya watu wenye mafundi wa kutoka ng'ambo, yalikuwa yanachemka na kusukumwa. Letu liliwaka mara moja kila lilipoombwa kuwaka. Mchana ulipopinda Mzee alikuja kusimama kando yangu, akanipa nusu ya chapati yake, akasema, "Diploma, bandeji yako mzuri." Katika maisha yangu nimesifiwa na wakubwa, nimepewa hata ngao, lakini nikitaka kujikumbusha mimi ni nani, hukumbuka ile nusu ya chapati.

Kabla ya kipande cha mwisho magari yalikusanywa mahali wazi, mbali na sisi, yakingoja kuachiliwa moja moja. Mafundi hatukuruhusiwa kufika. Halafu tukangoja kwenye mstari wa mwisho. Lilipita la kwanza, la pili, mengine. Letu lilionekana juu ya kilima, likaanza kuteremka, nikasikia sauti yake kabla sijaliona vizuri, na nikajua. Ilikuwa sauti ya kupiga, kama mtu anayepasua kuni, sauti ya heda iliyofunguka. Moto uliokuwa ukitoka hapo ulikuwa unalamba nyaya za umeme za injini. Gari likanyamaza. Likateremka kwa uzito wake tu, likapunguza, likapunguza, likasimama mahali ambapo tungeweza kuona Balbir akipiga usukani kwa viganja. Sheria haikuturuhusu sisi mafundi kulisukuma. Alishuka akajaribu kulisukuma yeye na msomaji wake wa ramani, viatu vikiteleza katika lile vumbi, mbele palikuwa na mwinuko mdogo, mwinuko ambao mtoto angeupanda na baiskeli, na hawakuuweza. Mzee alitazama mpaka walipoketi chini. Kisha akaenda kwenye pikapu akaingia na kufunga mlango.

Mimi ndiye niliyefungua boneti. Kitambaa changu, ambacho kingepaswa kuwa kikavu kama majani ya kiangazi, kilikuwa kinafuka mvuke. Palepale mabomba manne yanapokutana, chuma kilikuwa kimepasuka ufa mrefu. Nilienda kutafuta kitu cha kulishikia lile bomba, nikavuta gunia kutoka nyuma ya kiti. Lilikuwa bado limeloa. Na juu yake palikuwa na mistari minne iliyoungua, na nyuzi za kioo zimenata katika kila mstari. Nililitazama tu, nikaona mchana wote: gari limesimama juani likingoja kuachiliwa, Balbir akiwa na mapenzi na hofu, akiloweka gunia lake na kulilaza juu ya heda kama mtu anayemfunika mgonjwa. Nililikunja nikaliweka ndani ya ovaroli yangu, kifuani. Maji yalinishukia hadi tumboni.

Balbir alikuja. Uso wake ulikuwa mweupe wa vumbi, na machozi yalikuwa yamechora njia mbili. Baba yake alikuwa ameshuka tena na kuja nyuma yake. "Ni nini?" Mzee aliuliza, akinitazama mimi. Nilikuwa na jibu linalonata kwenye ngozi yangu. Lakini Balbir aliniwahi. "Bomba limepasuka, Papaji. Lakini si makosa ya Diploma. Usimlaumu. Alifanya kadiri alivyoweza." Kadiri alivyoweza! Mimi, ambaye heda yangu ilikuwa imefanya kazi kuliko za wazungu! Mdomo wangu ulifunguka. Kisha nikamwona Mzee anavyomtazama mwanawe, kwa upole aliokuwa hajawahi kuuonyesha, mkono umeanza kuinuka kumshika bega. Wale wawili walikuwa wanaenda kuishi katika nyumba moja, nchi ya baridi, kwa maisha yao yote. Mimi nilikuwa nabaki. Nikasema, "Pole, Mzee. Limepasuka." Aligonga boneti mara mbili, taratibu, na hilo ndilo neno la mwisho alilosema kuhusu gari hilo.

Wakati wa kurudi, Balbir na mimi tulikaa nyuma ya pikapu, tumeegemea tairi. Balbir akasema, kana kwamba ananifariji, "Na hata nililisaidia, unajua. Nililipoza kidogo kabla hatujaanza." Nilitazama barabara. Nilisema, "Ulifanya vizuri."

Yadi iliuzwa. Ninakumbuka jiko siku ya mwisho: dirisha lisilo na mitungi, meza imebaki kwa sababu ilikuwa kubwa kuliko mlango, na Biji akinikabidhi beseni. "Chukua," alisema. "Wewe ulilichafua." Leo mahali pale pana ghorofa na duka la simu, na nikipita huwa siangalii.

Balbir alirudi kututembelea kila baada ya miaka michache. Alikuwa mnene kiasi, ndevu zikabadilika rangi, na huko ng'ambo alikuwa anasimamia ghala la vyakula, kazi ambayo hakuizungumzia. Kila alipokuja aliniletea mzunguko wa kitambaa cha joto, kizuri, kipya, cha aina ya juu. Alinikabidhi mbele ya wafanyakazi wangu na kusema, "Diploma, nilikusamehe zamani!" Wote walicheka, nami nilicheka, meno yamebana. Sikukitumia hata kimoja. Vimepangwa juu ya rafu ofisini kwangu, na wateja wakiuliza huwaambia si vya kuuza. Kila mara nilijiambia: akija tena nitamwonyesha gunia. Niliwazia atakavyokaa chini, atakavyonitazama. Halafu nilimwona akiingia mlangoni, mikono imefunguka, mtu aliyenibebea huruma kuvuka bahari, nikasema wakati mwingine. Safari hii alikuja akiwa mgonjwa wa moyo na hakusema. Alikufa Nakuru, kama alivyotaka, katika nyumba ya wageni yenye dirisha linaloelekea reli.

Moto ulipotulia Jumatano ile, binti yake, Simran, alikuja niliposimama. Ndiye aliyewasha kuni. Alizaliwa kule, anajua Kiswahili cha salamu tu, na tulizungumza Kiingereza. Ndiyo maana ninaweza kuandika haya: hatayasoma. Alisema, "Wewe ndiye Diploma." Nikasema ndimi. "Papa alituambia habari ya lile bomba," akasema. "Alisema tusikutajie kamwe, kwa sababu utaumia. Alisema ulikuwa rafiki aliyepoteza zaidi kuliko sisi, kwa sababu sisi tuliondoka, na wewe ulibaki na aibu." Alikuwa na macho ya Biji. Funguo za gari zilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa tayari nimezitoa mfukoni. Nilifikiri: huyu atapanda ndege akiwa na baba mwema aliyesamehe. Nikifungua buti atapanda ndege akiwa na baba aliyejiangamiza mwenyewe na kumsamehe mtu asiye na kosa.

"Alisema pia," Simran akaendelea, na sasa alikuwa anatabasamu kwa shida, "kwamba ukiulizwa utasema lilikuwa bomba bora kuliko yote Kenya."

"Lilikuwa bora," nikasema. "Lakini lilipasuka mikononi mwangu."

Alinikumbatia. Nguo zake zilinuka moshi, na zangu pia.

Niliwarudisha majirani zangu Bahati. Tulipoacha lami, Mama Njeri aliomba nisimame kwa dada yake achukue mtungi wa maziwa ya watoto. Jua lilikuwa bado kali. "Yatafika yameganda," alisema akiupandisha mtungi kwenye buti. "Fundi, huna kitu cha kuufunikia?" Nilishuka. Nilifungua gunia, nikaitazama kwa mara nyingine ile mistari, halafu nikamwomba dada yake maji. Alileta katika jagi. Nilililoweka kote, nikalikamua, nikauzungushia mtungi nikilikaza vizuri, na nikalifunga kwa waya kwa fundo ninalotumia kwenye heda. Mama Njeri alilishika akasema, "Hili la kwako ni la zamani. Nikurudishie lini?"

"Kaa nalo," nikamwambia.

Tukaenda madirisha yakiwa wazi, ili upepo upite.